Sauti Yenye Ilibaki mu Nyungu

Unajua juu ya nini batu ba kuandika banapenda ziwa? Mimi nilijiuliza ile swali miaka mingi. Hapa Nakivale, mu kambi ya bakimbizi, tuko na milima, tuko na mashamba ya mahindi na maharagi, tuko na soko, tuko na makanisa karibu zipite nyumba. Lakini mutu akikuja na kaye ya kuandikia na biki yake, hata mbele ya kunywa mayi anauliza: ziwa iko wapi? Mukimupeleka, anatafuta fasi ya kukaa, anaangalia mayi, mbu zinamukula miguu na yeye hasikii hata kidogo. Ziwa ya kwetu ilikuwa inaleta samaki. Hii ya hapa inaleta samaki na baandikaji, na siku zingine baandikaji njo bengi.

Mimi sikusoma. Nilifika darasa ya pili, kisha baba akasema mbuzi hazina mutu wa kuzichunga. Jina yangu najua kuiandika, lakini nikiandika inakula fasi ya majina tatu. Haya maneno ni mujukuu wangu anaandika, mimi ninasema tu. Nikiona mukono yake inasimama namuuliza, "Ulichoka ao ulisahau?" Anasema, "Koko, unaenda mbio." Koko ni mimi, njo vile bajukuu banaita bibi.

Muandikaji wa kwanza nilimujua huku alikuwa muzee moja Mrundi, katekista. Alikuwa na mesa ya miguu tatu, muguu ya ine aliifunga na nyavu ya bavuvi, na aliiweka pale mitumbwi zinapofika. Batu banamuletea maneno, yeye anaandika barua. Barua ya bilo ya bakubwa ba kambi, barua ya batoto benye balienda mbali, barua ya bakwe benye kusumbua. Na mimi nilienda, nilitaka kuandikia dada yangu mwenye alibakia kwetu. Nikasema, nikasema, jua ikapanda, yeye anaandika kidogo anasimama. Nikamuuliza:

"Muzee, mimi nilisema mingi, na hapa naona mistari kidogo. Zingine zilienda wapi?"

"Zingine ziko njiani, mama. Dada yako atazijaza mwenyewe."

Nilirudia nyumbani nikicheka peke yangu. Siku ingine nikamuuliza juu ya nini anakaa pa ziwa na haendi karibu na bilo, kule batu ba makaratasi banajaa. Akaniambia, "Nyumbani na ku bilo kila mutu ananiomba kitu. Mayi haiombi kitu." Ile jibu niliichukua, lakini haikunishibisha. Mayi haiombi? Na wale bavuvi tulizika, nani aliwaomba?

Bijana balikuwa banamubebea mesa asubui na jioni. Alipokufa, bao bakabakia kwa ile fasi yake. Moja anaandika mashairi, moja anaandika michezo ya batoto ya kanisa, moja anaandika mambo ya mapenzi yenye mimi sitaki kusikia lakini nasikia. Bakaitana na bengine. Kisha banafunzi ba Mbarara bakaanza kukuja kubaangalia, na bao wakakaa pale pale, na mbu zikabakula vile vile.

Njo vile alinifikia ule binti.

Alikuwa Munyankore, murefu, na lunete ya macho, na viatu ya kutembea fasi ya kukauka. Alikuwa anatengeneza kitabu ya batu benye kuandika pembeni ya ziwa yetu, na bale benye kusema bila kuandika. Aliniambia, "Hii ziwa yenu iko na urithi ya maneno." Swahili yake aliipata kwa baba yake, alikuwa polisi, basi hata akikusalimia unatafuta kitambulisho.

"Mukaaka, wewe kaa hapa," anasema, mukaaka ni bibi kwa kwao. "Wewe sema. Mimi sikia."

"Nimekaa," namuambia. "Kama ni kunifunga, unifunge mikono ya mbele, niko na maharagi pa moto."

Alicheka mpaka akatosha lunete pa uso. Nikamupenda pale pale.

Hadisi ya kumupa nilikuwa nayo moja ya maana. Ni ya mama yangu. Alikuwa anatuambia kule kwetu, upande wa Fizi, pembeni ya Tanganyika, kisha ya kula. Ndugu zangu benye balikuwa banaijua balisha kwisha kufa. Batoto bangu balikomaa mu kukimbia, niliwapa vipande tu, leo kipande, mwezi ingine kipande, na kipande ya mu njia mutoto hakamati. Ile hadisi nzima ilikuwa imebakia kwangu peke yangu. Donc, kwa hiyo, huyu binti alipoitaja kitabu, nikajisemea, hadisi ya mama inapata nyumba, na mimi nikienda, haitabaki mu mvua.

Sasa sikia desturi yetu, juu bila hiyo hautaelewa. Kwetu hadisi haisemwe na mutu moja. Kuko mwenye kusema, na kuko muitikiaji, anakaa mbele yake, uso kwa uso. Unasema kidogo, unasimama, anaitika, "Eeh." Unasema, anaitika, "Eeh." Akinyamaza mara ya kwanza, unamuvumilia. Mara ya pili, unamuvumilia. Mara ya tatu, unaacha. Hausemi "ninaacha," unasimama tu unashika kazi ingine, na hadisi inangojea kesho, juu hakuna mutu wa kuipokea. Hata mutoto wa miaka tatu anajua ile. Mama yangu alikuwa anaweza kuacha katikati ya neno, anavuta lungo anaanza kuchagua mchele. Na sisi tulikuwa tunamurukia ule mwenye alisinzia, tunamupiga mpaka analia.

Ule binti akaweka telefone yake pa kiti kidogo, akafinya ikamate sauti, akafunga kinywa. Mimi nikaanza.

"Kulikuwa mwanamuke moja, nyumba yake ilikuwa ya mwisho pembeni ya ziwa. Kila asubui anachota mayi na nyungu yake ya udongo, hamusalimie mutu, anarudi."

Nikasimama. Kimya. Kuku yangu moja akalia pa mulango, nikasema bon, sawa, hata kuku ni mutu. Nikaendelea.

"Siku moja anafika nyumbani, anatua nyungu, anasikia sauti ya mutoto inatoka ndani ya mayi. Inauliza: nani iko pale? Akaogopa. Akafunika. Kesho yake, ile sauti tena: nani iko pale? Akashindwa kumwanga ile mayi, akashindwa kuipikia."

Nikasimama. Kimya. Binti ananiangalia na macho mazuri, anatikisa kichwa. Kichwa haifai kitu, hadisi haina macho ya kuona kichwa.

"Bwana yake akaomba mayi ya kunywa. Akamuambia, nenda ukunywe ku ziwa. Bwana akaenda, akakaa kule kule. Na yeye akachukua nyungu, akaiweka pa magoti, akabaki anasikiliza. Nani iko pale?"

Nikasimama mara ya tatu. Kimya kabisa. Sasa hata kuku alisha enda.

Basi nikasimama na miguu, nikaenda kugeuza maharagi yangu.

Nyuma yangu nikasikia binti anavuta makamasi. Akakuja akanishika mikono yote mbili, akasema, "Webale, mukaaka, webale munonga," asante sana kwa kwao, na machozi iko mu lunete. Nikawaza, huyu mutoto alichoka, alitoka mbali, kesho atakuja kuitika. Kesho yake nilimupikia mahindi. Nikamungoja mpaka mahindi ikakauka. Kumbe jioni ile ile alisha rudia Mbarara.

Mvua ikapita, ingine ikapita. Siku moja mujukuu wangu, huyu huyu mwenye kuandika haya, ananipigia simu. Huyu ni binti ya binti yangu, banaishi Mbarara, kule Nyamityobora, mama yake anauzisha nguo soko ya Kakoba. Mimi namuita mukewenza, juu babu yake alikuwa anasema huyu njo muke yake mudogo. Ananiambia, "Koko, kitabu ilitoka. Watakusoma mbele ya batu. Vaa ile kitenge ya ndege."

"Mukewenza, na wewe utavaa nini, unipite?"

"Mimi niko kijana, Koko, hata na gunia nakupita."

Nikavaa kitenge ya ndege. Gari ya ndizi ikanibeba, tukapita Kabingo, nikafika Mbarara na harufu ya matoke mu nywele.

Ile chumba ilikuwa kubwa, na viti ya plastike, na soda pa kila kiti. Batu ba lunete balikuwa bengi, nikajua ndio hapa. Binti wangu wa polisi akasimama mbele, akasoma kidogo ya bijana ba ziwa, kisha akasema sasa ni ya mukaaka mwenye amekaa pale. Bote bakageuka. Mukewenza akaninyoosha mugongo na kidole.

Akasoma. Yule binti alisoma vizuri, siwezi kumukatalia. Maneno yalikuwa yangu, moja kwa moja, hata pale nilikohoa aliweka alama. Nilisikia sawa vile mama yangu anafungua mulango ya ile chumba anaingia na miguu ya mayi. Akafika pale mwanamuke anaweka nyungu pa magoti. Nani iko pale? Akafunga kitabu.

Bakapiga mikono.

Mimi nikangoja. Nikawaza anakunywa soda kwanza. Bwana moja mwenye kravati pa shingo akasimama, akasema mambo mingi na Kingereza. Mama moja akamujibu. Bwana akamujibu tena, na bote banatikisa kichwa. Nikavuta mukono ya mujukuu.

"Banasema nini?"

"Banasifu mwisho ya hadisi yako, Koko. Ule papa anasema inamuacha na swali mu roho. Ule mama anasema ule mwanamuke ni mukimbizi. Papa anasema hapana, nyungu njo kambi."

"Mwisho gani? Pale nilienda kugeuza maharagi."

Soda ikamutokea mu pua. Alicheka mpaka batu bakageuka tena. Kisha akaniangalia, akaona mimi sicheki, na yeye akaacha.

Juu nilianza kuelewa nini ilifanyika. Ile kitabu itaingia mu masomo. Batoto ba hapa Nakivale bataisoma, na ba Mbarara. Na kwa bote ule mwanamuke atabaki amekaa, na ule mutoto wa mu nyungu atabaki anauliza nani iko pale, na hakuna mutu. Mama yangu hakumuacha pale hata siku moja. Hata kama tulisinzia, kesho yake mbele ya kutusalimia alikuwa anaanzia pale pale. Sasa mimi nilimuacha, tena nilimufungia ndani ya kitabu.

Nikamuuliza mujukuu polepole, "Wewe, unajua ule mwanamuke alifanya nini kisha?"

"Koko, si iliisha? Iliandikwa vile."

Njo ile iliniumiza kupita. Batu ba kravati sikubahesabia kitu, banisamehe. Lakini huyu ni damu yangu, kipande ya ile hadisi nilimupa akiwa pa mugongo, na sasa anaamini karatasi. Nikiisha kufa, nani atasema haikuwa vile? Karatasi iko na sauti kupita mimi.

Nilitaka kusimama niseme. Lakini mukubwa wa ile siku alisha funga na maombi, na batu bakanizunguka kunisalimia. Bwana wa kravati akakuja na kaye yake mudogo, akauliza, na mujukuu anatafsiri, niliwaza nini pale nilichagua kuachia pale.

"Muambie moto ilikuwa inazima," nikasema.

Akaandika ile. Akaiwekea mustari chini.

Kesho yake, kisha ya saa sita, binti wa polisi akafika Nyamityobora kuniaga. Aliniletea bitabu, kifungu yenye kufungwa na kamba. Tukakaa pa mukeka mbele ya mulango ya binti yangu, mimi, yeye na mujukuu. Nikamuacha akunywe chai kwanza. Kisha nikamuuliza:

"Binti yangu, ile siku juu ya nini hukuniitikia?"

"Itikia nini, mukaaka?"

"Mimi ninasema, wewe unanyamaza. Ninasema tena, unanyamaza. Hata kuku yangu alikuwa na adabu kukupita."

Akaangalia mujukuu, akaniangalia. "Mwalimu yangu alisema mimi nyamaza. Muzee akisema, wewe usiweke sauti yako. Ile ni kumuheshimu."

"Kwenu ni heshima. Kwetu ni kulala usingizi."

Nikamuelezea desturi yote, vile nilikuelezea wewe. Nilipofika pale pa maharagi, akaweka mukono pa kinywa, akaiacha pale. Kisha akasema na sauti ya chini, sasa polisi yote ilimutoka, "Basi hadisi haiko mwisho."

"Mwisho iko hapa kwangu. Inangojea mutu."

Akatosha telefone. Nikamuambia, "Hiyo uirudishe mufuko, haijui kuitika." Mujukuu yeye alisha kimbia ndani kuleta kaye. Akakaa mbele yangu, biki tayari, kichwa chini. Nikaanzia pale pale.

"Mwanamuke amekaa, nyungu iko pa magoti. Sauti inamuuliza: nani iko pale?"

Nikasimama. Nasikia biki tu, kiri kiri kiri.

"Kulikucha, sauti ikauliza tena."

Kiri kiri.

Nikamusukumia mara ya tatu, bure. Nikasimama nikachukua ufagio.

"Koko, unaenda wapi?"

"Kufagia."

"Lakini mama alisha fagia asubui."

Binti wa polisi njo alielewa wa kwanza. Nilimuona uso. Akasema, polepole, sawa mutu anaingiza muguu mu mayi yenye hajui baridi yake, "Eeh."

Mujukuu akaangalia huku na kule. "Koko, siwezi kuandika na kuitika mara moja."

"Basi chagua, mukewenza."

Akaangalia kaye. Akaangalia biki. Akabiweka chini ya mukeka, akavuta miguu, akaniangalia uso kwa uso. Ufagio nikauegemeza pa ukuta, nikakaa.

"Sauti inauliza: nani iko pale?"

"Eeh."

"Ule mwanamuke, mwenye hakuwahi kusalimia mutu pa ziwa, akafungua kinywa. Akasema: ni mimi."

"Eeh."

"Sauti ikasema: kama ni wewe ulinichota, unirudishe. Mama yangu alinituma, ananingoja ng'ambo."

"Eeh."

"Akasimama. Magoti ilisha kufa ganzi, lakini akasimama. Akashuka na nyungu mpaka ku ziwa, akaimwanga polepole, sawa unalaza mutoto. Akasikia ile sauti inaenda juu ya mayi, inaenda, inaita. Akangoja. Na kule mbali ng'ambo, akasikia mwanamuke mwingine anaitika."

"Eeh," bakasema bote mbili, na binti wa polisi tena machozi, lakini sasa ilikuwa fasi yake.

"Toka ile siku, bamama ba kwetu hawachote mayi bila kusalimia. Unapiga mayi na kibuyu mara mbili, unasema niko hapa, kusudi mwenye iko ndani asogee. Mama yangu alikuwa anafanya vile. Na mimi nafanya, hapa Nakivale, hata kama sasa ni jerikani. Majirani banawaza ninafukuza biboko. Inaishia pale."



Na njo pale nilipata jibu ya swali yangu, mu Nyamityobora, fasi haina hata kidimbwi. Nilikumbuka ule muzee wa barua na mesa yake. Ukikaa karibu na ziwa na utege sikio, mayi inakuja kidogo pa udongo, inagusa, inarudi. Inagusa, inarudi. Unasema, inakuitika. Unasema, inakuitika. Haisinzie. Mutu mwenye kuandika hana muitikiaji, maskini, iko peke yake na karatasi. Basi anakuja kukaa kwa mayi. Nilimuambia binti wa polisi. Akafungua kinywa kunijibu na maneno ya masomo, akajishika, akasema, "Eeh."

Alisema atachapa kitabu ingine na mwisho yake. Nikamuuliza lini. Hakunidanganya, alisema hajui. Bitabu bya kwanza bilisha enda kwa batu. Lakini mujukuu alikuwa amefungua kimoja cha ile kifungu, akaona nyuma karatasi mbili nyeupe, hazina kitu. Akavuta biki yake chini ya mukeka, akaandika mwisho pale, kisha akanisomea, sawa ule muzee wa zamani mbele ya kukunja barua. Haikukosa kitu. Akashika kitabu ya pili, nikamushika mukono.

"Ukiandika mu bitabu byote," nikamuambia, "batu batasoma na kinywa ya kufunga, na mutoto wa nyungu atabaki vile vile hana mutu."

Akawaza. Akatafuna biki. Kisha akaniahidi, na binti wa polisi akiwa shahidi: kila vakansi, masomo ikifungwa, atachukua ile kifungu aje nayo Nakivale, apite nyumba kwa nyumba, na kule Mbarara apite kwa bale benye balisha kuwa na kitabu. Atabasomea mpaka pale mwanamuke anaweka nyungu pa magoti, kisha afunge kitabu angoje. Mwenye ataitika, atamupa mwisho na kinywa yake kwanza, kisha amuandikie nyuma.

"Na mwenye atanyamaza?" nikamuuliza.

"Mara ya tatu, Koko, nitamuomba ufagio. Nafagia nyumba yake, narudi kesho."